Wimbo Usio na Maneno: Lugha za Njia ya Misafara na Upangaji wa Nyimbo kwa Bendi ya Matarumbeta

Utangulizi

Kupanga wimbo kwa ajili ya bendi ya matarumbeta ni kuutoa katika kinywa cha mwimbaji na kuutia katika vinywa vya ala. Katika uhamisho huo maneno hudondoka. Tarumbeta haliwezi kutamka konsonanti wala kupambanua irabu. Linaloweza kutoa ni sauti ya juu au ya chini, ndefu au fupi, nzito au nyepesi. Kwa sababu hiyo upangaji wa nyimbo aghalabu umehesabiwa kuwa kazi ya mwanamuziki peke yake, isiyomhusu mwanaisimu.

Mhadhara huu unashikilia rai tofauti. Mambo matatu yanayobakia baada ya maneno kuondoka, yaani kidatu, wakaa na shadda, ni sehemu ya lugha yenyewe. Hivyo basi, mpangaji asiyeijua lugha ya wimbo anaweza kuihifadhi lahani yake yote na bado akaupoteza wimbo. Mfano unaotumika ni ukanda wa Goweko na Tabora, ambako nyimbo za wapagazi, ngoma za beni na muziki wa bendi vilikutana katika muda usiozidi miaka sitini hivi.

Goweko na njia ya misafara

Goweko ni kituo cha Reli ya Kati upande wa mashariki ya Tabora, kabla ya Igalula kwa msafiri atokaye pwani. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa sehemu kubwa ilifuata mwelekeo wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyamwezi kupitia Tura, Rubuga na Kigwa hadi Unyanyembe, na kutoka huko ikaendelea hadi Ujiji na Manyema. Tura, Kigwa na Goweko leo zote zimo katika Wilaya ya Uyui.

Majina ya njia hiyo ni hazina kwa mwanaisimu. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, aliandika kwamba Tura maana yake ni amri ya kuweka mizigo chini. Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua mara moja kitenzi *tua*, ambacho kimepoteza sauti ya kati iliyobakia katika lugha za bara. Mdondoko huohuo unaonekana katika cheo cha aliyeutangulia msafara: Burton alimwandika *kirangozi*, ilhali Kiswahili sanifu kina *kiongozi*. Mpagazi Mnyamwezi aliyeongea Kiswahili njiani alikuwa akivuka mpaka huu wa sauti kila siku, na nyimbo zake zilivuka naye.

Misafara ilikuwa na ala zake: ngoma, na baragumu la pembe lililopulizwa na kiongozi. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi wa karne ya 19, ameonyesha kwamba watu hawa walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi na utamaduni wao wa kazi. Kuimba kulikuwa sehemu ya utamaduni huo. Kiongozi alianzisha, wenzake wakaitikia, na hatua za miguu zikawa kipimo cha mapigo.

Beni: upangaji wa kwanza

Kabla ya kuwapo mwalimu wa bendi mwenye karatasi za nota, watu wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kupanga nyimbo zao kwa mtindo wa bendi. Ngoma ya beni ilizuka pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, kwa kuiga gwaride na ala za kijeshi. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Vyama vya Arinoti na Marini vilishindana kwa mavazi, vyeo na tungo za kejeli. Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyowasomba askari na wapagazi kwa maelfu, viliieneza beni barani. Tabora, iliyotekwa na majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo tarehe 19 Septemba 1916, ilikuwa katikati ya misukosuko hiyo. Mpagazi wa biashara sasa alikuwa mpagazi wa vita. Neno *Kariakoo*, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, limebaki kama kumbukumbu yake.

Neno *beni* lenyewe linafundisha. Limetokana na neno lilelile la Kiingereza lililotupatia pia *bendi*. Lugha imelipokea neno moja mara mbili na kuyagawia maumbo hayo kazi mbili: *beni* ni ngoma yenye mashindano, tungo na maandamano, *bendi* ni kundi la wapigaji. Katika beni maneno hayakuachwa. Ala zilikuwa mtumishi wa utungo, na utungo ndio uliomshinda mpinzani.

Mpaka huu unaonekana vizuri zaidi kando ya Ziwa Nyasa, ambako tawi la beni lijulikanalo kama mganda au malipenga liliweka vibuyu mahali pa matarumbeta. Mchezaji haipulizi ala hiyo kama tarumbeta, bali huimba ndani yake, na utando wake hutetemeka kwa sauti yake mwenyewe. Basi kidatu cha usemi kinabaki kama kilivyo. Waliobuni ala hiyo walipata mlio wa bendi bila kuikata kamba inayoufunga wimbo na lugha.

Shadda na wakaa

Katika bendi ya tamasha kamba hiyo hukatwa, na mpangaji lazima aiunge upya. Kwa wimbo wa Kiswahili, jambo la kwanza ni shadda, ambayo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito la ngoma kubwa likiwekwa kwenye silabi ya mwisho kwa sababu tu sentensi ya muziki inaishia hapo, msikilizaji husikia Kiswahili cha mgeni. Ni kweli kwamba waimbaji wa pwani huivuta silabi ya mwisho kwa makusudi, na ushairi wetu hupimwa kwa mizani, wala si kwa shadda. Lakini uhuru huo una mpaka. *Barabara* yenye shadda kwenye silabi ya tatu ni njia; yenye shadda kwenye silabi ya pili ni sawasawa.

Wakaa nao una maana. *Kufa* ni mizani mbili, *kufaa* ni tatu. Mpangaji anayezikusanya noti mbili za kidatu kimoja na kuzifanya moja fupi, ili tarumbeta lipate nafasi ya kupumua, anaweza kugeuza sifa kuwa tanzia.

Pengine mtu atauliza: maneno hayapo, nani atajua? Jibu limo katika wimbo wa taifa. Lahani yake ilitungwa na Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897 kwa maneno ya Kixhosa, na Tanganyika ikaipokea kwa maneno ya Kiswahili mwaka 1961. Bendi inapoipiga uwanjani bila mwimbaji hata mmoja, kila Mtanzania husikia maneno. Ala huamsha lugha iliyomo akilini mwa msikilizaji, na kwa sababu hiyo kosa la shadda husikika hata pasipo neno.

Toni na mwenendo wa sauti

Tatizo huwa kubwa zaidi kwa nyimbo za bara. Kinyamwezi ni lugha ya toni. Tena, kama inavyoonekana katika sarufi ya Clement Maganga na Thilo Schadeberg ya mwaka 1992, kina irabu saba, na urefu wa irabu hutofautisha maana. Katika Kisukuma, ndugu yake wa karibu, toni ya juu kwa kawaida husikika silabi mbili mbele ya mahali pake pa asili. Mpangaji anayesoma maneno katika maandishi ya kawaida, ambayo hayaonyeshi toni, hana njia ya kujua lahani inapanda wapi kwa matakwa ya lugha na wapi kwa hiari ya mtunzi. Ni lazima amsikilize mwimbaji, kisha amwombe aseme maneno yaleyale bila kuyaimba.

Hapa kanuni ya Ulaya huleta madhara. Mwanafunzi wa upatanifu hufundishwa kwamba sauti ya juu ikipanda, ni vema ya chini ishuke. Kwa wimbo wa Kinyamwezi, tromboni inayokwenda kinyume cha tarumbeta hutamka toni zilizopinduliwa. Suluhisho ni kuziacha sauti zote zilizobeba maneno zipande na kushuka pamoja, na kuipa tuba, ambayo haikurithi neno lolote, uhuru wa kwenda itakako.

Njia ya misafara iliyopita Tabora iliendelea, kupitia Manyema, hadi maporomoko ya mto Kongo mahali ulipo mji wa Kisangani leo. Karibu na hapo John Carrington alichunguza ngoma zinazosema za Walokele na kuchapisha matokeo yake mwaka 1949. Ngoma hizo zina sauti mbili tu, ya juu na ya chini; na kwa kuwa maneno mengi hufanana kwa toni, mpigaji hulirefusha kila neno kwa sifa zake za kimapokeo hadi lisiweze kuchanganywa na jingine. Fundisho kwa mpangaji ni wazi: asiufupishe mwito wa kiongozi kwa kudhani ni marudio matupu. Urefu wake ndio unaomwezesha msikilizaji kuutambua.

Hitimisho

Wasafiri wa karne ya 19 waliandika maneno ya baadhi ya nyimbo za wapagazi, mara nyingi kwa tafsiri na bila lahani. Bendi ziko katika hatari ya kutuachia upande wa pili wa hasara hiyo, yaani lahani bila maneno. Hali hiyo ni nzito Tabora, mji ambao kwa vizazi vingi umekuwa wa Kiswahili, na ambako kijana anaweza kuipenda lahani ya bibi yake bila kuielewa.

Kwa hiyo kila mpango wa wimbo wa asili unastahili kuandikwa maneno yake chini ya sauti inayoongoza, pamoja na alama za toni na urefu, jina la lugha, mahali uliposikika, na kanda ya mwimbaji akiimba na akisema. Mwanamuziki peke yake hawezi kuikamilisha kazi hiyo, wala mwanaisimu peke yake hawezi. Inafaa ianzwe kwa wazee wa vijiji kama Goweko, ambao bado wanaweza kueleza kwa nini mwito unapanda mahali unapopanda.