Gemu ambayo jua lake hulipuka kila baada ya dakika 22

Katika Outer Wilds, dakika 22 baada ya kuamka, jua hulipuka na kila kitu huteketea. Mchezaji hufa, kisha huamka tena palepale kando ya moto wa kambi, kwenye sayari ndogo yenye misitu. Hana silaha aliyojipatia wala nguvu aliyoongeza. Anachorudi nacho ni yale aliyoyajua tu: maandishi aliyoyasoma kwenye magofu, njia aliyoigundua pangoni, kosa lililomuua mara iliyopita.

Gemu hii ilianza kama kazi ya shahada ya uzamili ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California, na dada yake, Kelsey, ndiye aliyeandika maandishi yake. Studio ndogo ya Mobius Digital iliitoa mwaka 2019, mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya BAFTA ya gemu bora, na Desemba 2023 ikatolewa upya kwa ajili ya Nintendo Switch, kifaa kilichojaa mikononi mwa watoto. Je, inafaa kwa familia? Nasema inafaa, tena sana, kwa mtoto aliyefikisha miaka kama 10, mradi mtu mzima aketi pembeni yake.

Nianze na fizikia, maana hapo ndipo utamu ulipo. Mtoto anayeshika pedi kwa mara ya kwanza huelekeza chombo chake cha angani mwezini, hubonyeza kitufe cha kwenda mbele, na akikaribia hukiachia akitegemea chombo kisimame. Hakisimami. Angani hakuna hewa wala barabara ya kukipunguza mwendo, kwa hiyo kinakwenda kwa kasi ileile mpaka kigonge mwamba. Akishagonga mara kadhaa, mwenyewe huanza kusukuma kinyume akiwa bado katikati ya safari. Ile ni sheria ya kwanza ya Newton, na ameielewa kwa mikono kabla mwalimu hajaiandika ubaoni.

Kuna pia sayari pacha zinazozungukana, huku zote mbili zikilizunguka jua. Mchanga humiminika kutoka moja kwenda nyingine kama kwenye shisha ya kupimia muda. Ukichelewa, mapango ya sayari inayopokea mchanga hujaa na kukubana darini. Ukiwahi mno kwenye ile nyingine, majengo yake bado yamefukiwa. Mchezaji analazimika kupanga safari kwa saa, kama wanavyofanya wanaorusha vyombo kwenda Mirihi, ambao husubiri Dunia na Mirihi zikae mahali panapofaa, nafasi inayokuja takriban kila baada ya miezi 26.

Kuna jambo moja ambalo mtoto halioni, na ningependa mzazi amweleze. Kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu chache, na kitu kikienda mbali sana na kitovu cha ramani, makosa madogo ya hesabu hukua hadi picha ikaanza kutetemeka. Watengenezaji walilitatua kwa kumweka mchezaji kwenye kitovu muda wote. Ukiruka, ulimwengu mzima ndio unaosogezwa, wewe umetulia. Kwa macho huwezi kutofautisha, na Galileo alishalifahamu hilo alipoeleza kwamba mtu aliyefungiwa ndani ya meli inayokwenda shwari hawezi kujua kama inasogea.

Si kila kitu ni kweli, lakini. Sayari zile ni ndogo kiasi cha kuzungukwa kwa miguu. Mwamba wa ukubwa huo angani una mvutano hafifu mno, na mtu akiruka hangerudi chini. Jua letu nalo halitalipuka. Nyota huhitaji uzito wa takriban mara 8 ya jua ili iishie kwenye mlipuko uitwao supanova. Letu litavimba baada ya miaka bilioni 5 hivi, kisha libaki kiini kidogo chenye kupoa. Mtoto aliyeogopa aambiwe hivyo waziwazi.

Sasa mzazi. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wadogo waliopewa kidude chenye siri kadhaa: sehemu inayotoa mlio, inayowaka, inayopiga muziki na kioo kilichofichwa. Walioonyeshwa siri moja na mtu aliyejitambulisha kuwa anakijua kidude hicho waliishia kwenye siri hiyohiyo. Wale ambao mbele yao mtafiti alijifanya ameigundua siri hiyo kwa bahati waligundua mengi zaidi. Ndiyo maana nasisitiza kuketi pembeni bila kutoa majibu. Usiende kutafuta suluhisho YouTube ukamnong'oneza. Muulize tu, "Unadhani kwa nini?", halafu nyamaza.

Hofu ipo, na nisiifiche. Hakuna damu wala bunduki, lakini kuna sayari ya ukungu na miiba wanamoishi samaki wakubwa vipofu wanaowinda kwa sauti, na hata watu wazima hushtuka. Nyongeza iitwayo Echoes of the Eye, ya mwaka 2021, inatisha zaidi gizani. Ina mpangilio wa kupunguza vitisho, nami bado ningeiacha mpaka mtoto akue. Anayepata kizunguzungu kwenye gari huenda akakipata hapa pia, kwa kuwa macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani halihisi. Apumzike kila jua linapolipuka.

Gemu yenyewe ina maandishi mengi sana, na Kiswahili hakimo. Kwetu mtu mzima au kaka mkubwa itabidi asome kwa sauti na kufasiri, ukurasa kwa ukurasa, mdogo akiuliza na kukatiza. Kazi hiyo inachosha. Ila fumbo hutatuliwa na anayekumbuka kilichosomwa juzi, na mara nyingi huyo ni yule mdogo asiyeshika pedi.