Kelele za Usiku na Haki ya Jirani

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ama baada ya hayo. Katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, kama kwingineko nchini, baraza la madiwani hukutana kila baada ya miezi mitatu, na hapo diwani hufikisha kilio cha kata yake: taka, maji na kelele. Kanuni za nchi za kudhibiti kelele ni za mwaka 2015, na NEMC imekwisha kuwaonya wenye baa na wasimamizi wa nyumba za ibada pia.

Sisi Waislamu hulalamikia muziki wa baa, na tuna haki. Lakini mawaidha ya vipaza sauti vya nje hadi usiku wa manane humfaa nani? Adhana ni wito, nao ni mfupi, hatusemi inyamazishwe. Twasema darsa zitumie spika za ndani, kwani jirani yupo mgonjwa, na yupo mwanafunzi wa mtihani.

Luqman alimuusia mwanawe ashushe sauti (Sura 31, aya 19). Naye Mtume (S.A.W.), kwa mapokezi ya Abu Dawud, akiwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti, akafunua pazia, akawakataza wasiudhiane. Ikiwa msomaji wa Qur'ani alikatazwa, sembuse spika zetu?

Basi tuanze na msikiti wetu, ndipo tumwendee diwani kuishitaki baa.

Wabillahi tawfiq.