Unakwea pipa? Usijitese kwa ajili ya pamba!

MPENZI msomaji, hebu vuta picha. Ni alfajiri pale Maili Moja, Kibaha. Noah ya kukodi imeegeshwa mlangoni, ndani wamejazana shangazi, mama mdogo, majirani wawili na binamu mwenye simu ya kupigia picha. Wote wanamsindikiza binti wa nyumba hiyo, anayekwea pipa kwa mara ya kwanza kuelekea Muscat. Bibie kalipuka si mchezo! Jinzi imembana mpaka kuketi ni kwa dua, mkanda una chuma kikubwa kama kisosi, na chini kavaa mchuchumio wa inchi nne. Mtaa mzima unashangilia: "Umependeza, mwanetu!"

Sawa, kapendeza. Lakini walioshangilia watabaki Maili Moja. Yeye ndiye atakayekaa na jinzi ile angani kwa zaidi ya saa tano.

Safari huanzia nyumbani

Wengi wetu tunadhani safari ya ndege huanzia kwenye ngazi za ndege. Wapi! Wa Kibaha ana kilometa 40 hivi kufika jijini, na kabla ya kuuona uwanja wa Julius Nyerere lazima apambane na foleni za Mbezi, Kimara, Ubungo na Tazara. Wa Kisarawe yuko karibu zaidi, anashuka tu Pugu, Gongo la Mboto na Ukonga, lakini joto na vumbi havichagui. Ukitoka hapo unaingia Jengo la Tatu la abiria, lililofunguliwa mwaka 2019, kipupwe kinakupuliza na jasho lako linageuka baridi. Kwa hiyo nguo ya safari ni lazima iweze joto la Pwani na baridi ya ndani ya ndege, zote kwa siku moja.

Dawa yake ni kuvaa nguo nyepesi mbili tatu badala ya moja nzito. Fulana ya pamba ndani, shati au blauzi juu, sweta begani. Ukisikia joto unavua, ukisikia baridi unavaa.

Mwili nao una mambo yake

Ndani ya ndege ikiwa juu, hewa huwa kama ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 kutoka usawa wa bahari. Ni kama umehamishwa ghafla kutoka Kisarawe hadi Njombe au juu zaidi. Gesi tumboni inatanuka, tumbo linajaa. Sasa ile jinzi ya kubana, ndugu yangu, utaifungua kifungo mbele ya jirani usiyemjua!

Miguu nayo huvimba kwa kukaa muda mrefu. Ukivua mchuchumio angani, kuurudisha ni kasheshe. Na hapa tuache utani: katika safari ya zaidi ya saa nne, kukaa bila kujinyoosha kunaweza kuchangia damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Donge likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua. Walio hatarini zaidi ni wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wanaotumia baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango, wanene kupita kiasi na waliowahi kuganda damu. Kama umo, muone daktari kabla ya kusafiri; huenda akakushauri soksi maalumu za kubana miguu. Kwa wengine wote: vaa suruali au gauni lisilobana, simama utembee kidogo, na kunywa maji.

Uvae nini basi?

Akina dada, gauni la kitenge lililoshonwa kwa nafasi ni bomba, halikunjamani ovyo na linapendeza kwenye picha. Anayevaa baibui tayari ana vazi la nafasi. Avae chepesi ndani na apunguze pini za chuma kwenye hijabu. Usisahau khanga mkobani: ni shuka, ni mtandio, ukiikunja ni mto.

Akina kaka, suti ya vipande vitatu waachie maharusi. Kaunda suti ya kitambaa chepesi inakupa heshima ileile bila tai ya kukunyonga. Viatu viwe raba au moka zilizokwisha kuuzoea mguu, na soksi safi, maana kwenye ukaguzi unaweza kuambiwa uvue viatu. Soksi yenye dirisha kidoleni ni aibu ya bure! Mikanda mikubwa, mabangili na cheni huchelewesha foleni, viweke mkobani.

Jambo jingine: nguo za madoa yanayofanana na sare za jeshi usizithubutu. Raia haruhusiwi kuzivaa nchini, na Agosti 2023 JWTZ liliwapa watu siku saba kuzisalimisha. Hata ziwe zimetoka kwenye mtumba, zitakuingiza matatani.

Kumbuka pia dharura. Ikitokea abiria wanatoka haraka kwa mtelezo, viatu vya kisigino kirefu hutakiwa kuvuliwa, na nguo za nailoni huyeyuka kwa moto na kung'ang'ania ngozi. Pamba ni rafiki.

Mwisho, uliza hali ya hewa ya unakokwenda. London Januari si mahali pa kushuka na ndala, na koti uliloliweka kwenye begi kubwa halitakusaidia kama begi limechelewa. Libebe mkononi.

Na yule bibie wa Maili Moja? Wala asinyimwe raha yake. Apige picha zote mlangoni na mchuchumio wake, kisha avae raba na gauni la nafasi kabla Noah haijaondoka. Mchuchumio aukunjie begini. Akifika Muscat amepumzika, miguu mizima, hapo ndipo alipuke mpaka watu wageuke.

Safari njema, msomaji wangu!