Unauza Mikoba ya Bibi? Anza na Bei, Laini ya Simu na Mgongo Wake

Leo naongea na sisi tunaouza mtandaoni vitu ambavyo hatukuvitengeneza wenyewe. Mikoba ya ukili, mikeka, achari, ubuyu, mafuta ya nazi ya kupika nyumbani, singo, liwa. Ukiufuata mzigo mpaka unapoanzia, mara nyingi unamkuta mama wa miaka 60 au 70 kakaa barazani, kanyoosha miguu, mikono inafanya kazi. Hicho ndicho kiwanda chako. Kikisimama, na wewe umesimama, hata uwe na wafuasi elfu ishirini.

Mimi nauza mikoba ya ukili. Niko Tanga mjini, na wanaonisukia ni bibi yangu mzaa mama pamoja na wenzake wanne huko upande wa Pangani. Kwa hiyo nitakayosema ni ya ukili, wewe wa achari utajipimia mwenyewe.

Kwanza tuelewane bibi anatoka wapi kifedha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inahesabu mzee kuanzia miaka 60. Mtumishi wa serikali akifika hapo anastaafu, ana mafao yake. Bibi aliyelima na kusuka maisha yake yote hana siku ya kustaafu, hakuna mtu wa kumpa barua. Zanzibar walau kuna Pensheni Jamii, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, na baadaye ikaongezwa. Huku bara bibi wa kijijini anaangalia shamba, watoto, na mikono yake. Ndiyo maana ukimpa oda hata ya bei mbovu ataipokea. Anapokea kwa sababu hana nyingine, usije ukadhani ndiyo bei ya haki.

Sasa hesabu. Mkoba wangu wa saizi ya kati unakula pima sita za ukili. Kabla ya hapo miaa imekatwa, imeanikwa, imechanwa, imechemshwa na rangi, imeanikwa tena. Nikiacha siku za kuanika, bibi anatumia kama siku mbili kusuka na nusu siku kushona kwa shazia. Bei ya zamani ya mkoba huo pale kijijini ilikuwa 6,000. Toa 1,500 ya miaa na rangi, anabaki na 4,500. Gawa kwa siku mbili na nusu: 1,800 kwa siku. Fundi wangu wa mjini anayeweka mikanda ya ngozi namlipa 5,000, ngozi ikiwa 2,500 na mkono wake 2,500, na hamalizi saa nzima. Sina ugomvi na fundi, ana watoto. Ila ukiziweka hizo namba mbili pamoja kwenye daftari hutalala.

Kwa upande wangu ilikuwa hivi: bibi 6,000, mikanda 5,000, bitana 2,000, basi na boda 2,000, bando na mfuko 1,000. Jumla 16,000. Nauza 25,000, napata 9,000. Nikapandisha bibi akawa anapata 10,000 kwa mkoba, na mimi nikauza 28,000. Jumla ya gharama 20,000, faida yangu 8,000. Nimepoteza elfu moja kwa kila mkoba. Bibi kutoka 1,800 kwa siku amefika 3,400. Wateja wawili watatu waliaga, mmoja akaniambia kaka umeota mapembe. Lakini kazi inayoingia sasa hivi haina uzi uliolegea, na nilikuwa narudishiwa mikoba miwili mitatu kila mwezi kwa sababu ya mshono. Hiyo elfu moja yangu ilirudi kwa mlango huo.

Halafu jambo la pima, watu hawalisemi. Pima ni kunyoosha mikono miwili. Bibi yangu ni mrefu, mwenzake pale ni mfupi kabisa, na wote walikuwa wanalipwa sawa kwa pima moja. Maana yake mrefu alikuwa anasuka zaidi kwa hela ile ile. Nunua futi kamba ya fundi nguo, lipa kwa mita. Walicheka siku nzima nilipowapima, lakini yule mrefu hakucheka sana, alikuwa anapiga hesabu ya miaka.

Malipo. Usimwambie bibi "nikiuza nitakutumia". Yeye hana duka, hawezi kukopesha. Mimi natuma nusu kabla hajachana miaa, nusu nikipokea mzigo kwenye basi. Na hapa ndipo kwenye tatizo kubwa kuliko bei yenyewe: hela unaituma kwenye laini ya nani?

Mabibi wengi laini zao zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, mtoto au mjukuu, kwa sababu siku ya kusajili bibi hakuwa na namba ya NIDA. Simu anayo yeye, namba ya siri anayo kijana. Kuna bibi mmoja katika wale wanne alikuwa anasuka mwezi mzima na kupewa "hela ya chumvi". Mimi natuma 40,000, kwake inafika 15,000. Hakusema. Nilijua kwa sababu alikataa oda, akasema kazi hailipi, na mimi daftari langu linaonyesha nimelipa vizuri tu.

Kumgombeza kijana ningeweza, lakini mimi ni mgeni kwenye nyumba ile na bibi ndiye angebaki naye usiku. Tulichofanya ni kumtafutia NIDA yake na kumsajilia laini kwa jina lake. Ikachukua safari tatu. Mashine ya alama za vidole ilikuwa haimsomi, vidole vya mtu aliyechana miaa miaka hamsini vimelainika kabisa. Ukipata tatizo hilo mwambie wakala ajaribu vidole vingine, bibi anawe mikono na kupaka mafuta kidogo, afute, ajaribu tena. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubali. Namba ya siri alichagua mwenyewe, mimi nilitoka nje, na wewe utoke nje. Hata bibi yangu wa damu sijui namba yake. Aliniambia, "Mume wangu, ukiijua utaniibia ukaoe," nikamwambia ni kweli bibi.

Na mnapokubaliana bei mtajie kwa mdomo, kisha umwandikie kwenye karatasi kwa namba kubwa: mikoba mingapi, kila mmoja shilingi ngapi, nusu lini, nusu lini. Hata asiyesoma barua anasoma namba za hela vizuri kuliko mimi.

Tuje kwenye mwili. Kuna watu wanasema kumpa mzee kazi ni kumtesa, apumzike. Bibi yangu alipumzishwa miezi kadhaa baada ya kuumwa, na aliyekuwa analalamika ni yeye: hana pa kwenda, hana cha kusema, anasubiri kuletewa chai. Kusuka kulimrudisha barazani kwa wenzake. Lakini kazi hii ina gharama zake. Kukaa chini kutwa, shingo imeinama, macho kwenye uzi. Hapo mwenye duka ndiye unaamua, kwa sababu oda yako ndiyo inayomkalisha.

Mimi bibi mmoja simpi zaidi ya mikoba miwili kwa wiki. Mteja akitaka thelathini kwa ajili ya harusi namwambia mwezi na nusu, na mikono yote mitano inagawana. Asiyeweza kusubiri namwelekeza kwa wenye bidhaa za kiwandani, bila kinyongo. Siku ya kliniki ya presha haina kazi, naiandika kwenye kalenda ya oda kama Idi. Nilinunua miwani ya kusomea mitano. Bei yake ni ndogo kuliko mkoba mmoja ulioharibika rangi kwa sababu mtu haoni tofauti ya kahawia na nyeusi jioni. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na siku tatu za mazoezi ya kuimarisha mwili usianguke. Dakika 150 ni kama nusu saa kwa siku tano. Kwenda kukata miaa kwa mguu kunahesabika, kwa hiyo usiwe mwepesi wa kuwapelekea miaa na bodaboda kila mara kwa haraka yako. Anayeumwa magoti yeye mpelekee.

Hili la mabibi kukaa pamoja huku mikono inafanya kazi limefika mbali. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 pale Mbare, Harare. Aliwafundisha kusikiliza watu waliozidiwa na mawazo, wakakaa nao kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa na wale mabibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na wakishamaliza mazungumzo, watu hao huingia kwenye vikundi ambako wanashona mikoba kwa plastiki zilizotumika huku wanaongea. Mikoba, jamani. Nilipolisoma hilo nilimsomea bibi kwa simu, akasema na wao wanafanya hivyo hivyo tu, ila hakuna daktari.

Nyingine iko jirani zetu kabisa. Kinyasini, Unguja, kuna chuo cha Barefoot College, wale walioanzia Tilonia, India, mwaka 1972. Wanafundisha akina mama na mabibi wa vijijini kufunga na kutengeneza umeme wa jua, wengine hawajui kusoma, wanatumia rangi na alama. Sababu yao ya kupendelea mabibi ni ya kibiashara kabisa: kijana akipata cheti anakimbilia mjini, bibi anabaki kijijini na taa zinaendelea kuwaka. Mimi nimeshapoteza wasukaji wawili vijana, mmoja kaenda Dar, mwingine Oman. Bibi yuko pale pale. Kwa sisi tunaohitaji mzigo ule ule, saizi ile ile, mwezi hadi mwezi, hiyo ni sifa unayopaswa kuilipia.

Picha. Usimpige picha bibi analia au kavaa kanga iliyochanika ukaandika "tumuunge mkono bibi yetu". Mteja wa huruma ananunua mara moja. Piga picha mikono, ukili, mshono wa ndani, mkoba umebebwa. Ukitaka sura yake muulize, na umwonyeshe kabla hujaposti. Wangu alikataa mara mbili, ya tatu akaenda kuvaa miwani mipya na kilemba.

Kama mabibi wako wanafika watano, ulizia pia mkopo wa halmashauri. Ni ile asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na hauna riba. Bibi ni mwanamke, anaingia kwenye ile nne, asidanganywe kuwa mikopo ni ya wasichana. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ila mkopo uwe wa kitu kinachoshikika, mfano miaa ya kutosha kabla ya mvua, au turubai. Na jina lako wewe muuzaji lisiwemo kwenye kikundi kama husuki.

Wanaouza vya kula, achari na ubuyu, njia yenu ni SIDO kwanza kwa barua ya utambulisho, kisha TBS. Mpeleke bibi mwenyewe, nembo isomeke kwa jina la biashara yake.

Masika inakuja. Miaa isiyokauka vizuri inaota ukungu ndani ya mfuko wa mteja, kwa hiyo mimi oda za Aprili na Mei nazifunga mapema, na hela ya nusu kwa ajili ya miaa ya akiba naituma mwezi wa pili. Ya mwaka huu nilituma jana. Bibi alipiga simu kuuliza mbona imezidi 2,000. Ni ya kutolea, bibi.