Bawasiri: Haya Isitugharimu Damu

Hata huku Masoko, Rungwe, mtu hutokwa na damu chooni miaka kadhaa akinyamaza kwa haya na kwa hofu ya kisu. Tumkumbushe: wengi hupona kwa mboga, matunda na maji ya kutosha. Kwa damu isiyokoma, mwaka 2014 Vincent Vidal na wenzake nchini Ufaransa walieleza tiba nyingine: mrija mwembamba hupitishwa mshipani hadi kwenye mishipa inayolisha bawasiri, nayo ikazibwa pasipo kupasua njia ya haja kubwa. Muhimbili, fani hii ya kutibu kwa mirija imekuwa ikijengwa tangu 2018. Lakini tuanzie hospitali ya Tukuyu, tupimwe. Damu hiyo yaweza kuwa saratani. Stara haikatazi tiba.