Bandari Iliyojengwa kwa Nukta

Mkaazi wa Kaloleni au Makongeni, mjini Nairobi, akiitazama picha ya gazeti kwa kioo cha kukuzia, ataona ajabu: uso wa mtu si uso tena, bali ni nukta nyingi za wino. Akiliweka gazeti mbali kidogo, uso hurudi.

Mfaransa Georges Seurat aliifanya kazi ya namna hiyo kwa mkono wake. Mwaka 1888 alikwenda Port-en-Bessin, mji wa wavuvi kaskazini mwa Ufaransa, akachora huko picha sita kwa rangi za mafuta. Mojawapo yaonyesha mlango wa bandari, bahari ikiwa shwari na matanga yakionekana kwa mbali. Badala ya kuzikoroga rangi mpaka ziwe moja, aliweka nukta za buluu kando ya nukta za rangi ya machungwa, akaliachia jicho la mtazamaji kazi ya kuzichanganya.

Kazi hiyo yataka subira, tena ina hatari yake. Picha yake kubwa, iliyoko Chicago, ilimshughulisha tangu 1884 hadi 1886. Lakini baada ya miaka michache tu baadhi ya nukta za manjano ziligeuka hudhurungi, kwa kuwa rangi yenyewe haikuwa imara. Seurat alifariki mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 31.

Picha ya bandari imehifadhiwa New York. Basi, mzazi amwonaye mtoto wake akijaza nukta daftarini asiharakishe kumkemea. Haba na haba hujaza kibaba; ila na amfundishe kwanza kuchagua rangi isiyochujuka.