Kwa nini kikapu chepesi hulipiwa zaidi ya jiwe zito

MFANYABIASHARA wa Kenya anayeuza vyondo na vinyago kupitia mtandao huenda akapigwa na butwaa anapofika kwenye kaunta ya kampuni ya kusafirisha vifurushi ng'ambo. Kinyago cha jiwe la Tabaka kilichomtoa jasho kukibeba hutozwa ada ya kilo tatu, nacho kiondo anachoweza kukiinua kwa kidole kimoja hutozwa ada ya kilo tisa.

Wengi hudhani karani amekosea au mizani imeharibika. Ukweli ni kwamba kampuni hizo huwa zimepima vitu viwili: uzani wa kifurushi na nafasi kinayochukua ndani ya ndege. Kisha humtoza mteja kwa kutumia kipimo kilicho kikubwa zaidi.

Wanaoanza biashara ya aina hii hunaswa kwa urahisi kwa sababu utumaji wa mizigo humu nchini haukuwazoesha hesabu hiyo. Kifurushi kinapotumwa kwa basi au matatu kutoka Nairobi hadi Kisumu, mara nyingi karani hukitazama kwa macho, akakadiria bei na kuandika risiti. Mhudumu wa bodaboda naye huangalia zaidi umbali wa safari. Hivyo basi, mwuzaji hujenga mazoea ya kuamini kwamba kitu chepesi hakiwezi kuwa ghali kukituma.

Msingi wa jambo hili si mgeni kwa yeyote aliyewahi kusafirisha godoro. Utingo hatalitoza godoro kwa uzani wake, kwa maana linaziba nafasi ambayo ingebeba magunia kadhaa yenye kulipiwa. Ndege nayo ina kikomo cha uzani na kikomo cha nafasi. Ikijazwa vitu vyepesi vyenye maumbo makubwa, itaondoka imejaa pomoni ilhali haijafikia uzani inaoweza kubeba, na mafuta, marubani na ada za uwanja ni lazima vilipiwe.

Ili kufidia nafasi hiyo, kampuni hutumia kipimo kinachoweza kuitwa uzani wa ujazo. Urefu, upana na kimo cha kifurushi hupimwa kwa sentimita, vipimo hivyo vitatu vikazidishwa pamoja, kisha jibu likagawanywa kwa 5,000. Kinachopatikana huhesabiwa kuwa kilo. Kigawanyo cha 5,000 ndicho kinachotumiwa na kampuni kubwa za vifurushi vya haraka kama vile DHL, nacho cha 6,000 kimezoeleka katika shehena za kawaida za ndege.

Tuchukue mfano wa kiondo kimoja cha mkonge ambacho, pamoja na katoni yake, kina uzani wa kilo moja. Kikitiwa ndani ya katoni yenye sentimita 35 kila upande, ujazo wake ni sentimita za ujazo 42,875. Zikigawanywa kwa 5,000 hupatikana kilo 8.575. Kwa kuwa aghalabu kilo hupandishwa hadi nusu inayofuata, kifurushi hicho kitatozwa ada ya kilo tisa.

Kinyago cha jiwe chenye kilo tatu, katika katoni ya sentimita 25 kwa 20 kwa 15, kina uzani wa ujazo wa kilo 1.5 pekee. Hapa uzani halisi ndio mkubwa, kwa hivyo mwenyewe atalipia kilo tatu.

Athari ya hesabu hii kwa mfuko wa mwuzaji si ndogo. Tuseme, kwa mfano tu, kila kilo inatozwa Sh1,000 na kiondo kinauzwa kwa Sh3,000. Mwuzaji aliyekipima kwa mizani pekee atamwambia mteja wa ng'ambo aongeze Sh1,000 za usafiri. Mteja atalipa Sh4,000 na kusubiri bidhaa yake. Kwenye kaunta, mwuzaji ataambiwa alipe Sh9,000. Hata akitoa fedha zote alizopokea, bado atahitaji Sh5,000 kutoka mfukoni mwake, na mama aliyeketi siku kadhaa akikisuka kiondo hicho huko Machakos au Kitui bado anasubiri malipo yake.

Mwuzaji huyo hubakia na njia tatu, na zote ni chungu: kumrudia mteja na kumwomba fedha zaidi, kufutilia mbali mauzo, au kubeba hasara. Yote haya yangeepukwa kwa utepe wa kupimia na dakika tano.

Kutoza ada kwa kuzingatia ukubwa hakukuanzia Kenya. Uingereza ilipoanzisha ada moja ya posta kwa barua za ndani ya nchi mnamo 1840, kilichozingatiwa kilikuwa uzani. Ilipofika Agosti 2006, Royal Mail ilianza kuzingatia pia ukubwa na unene wa barua na vifurushi. Nchini Marekani, kampuni za UPS na FedEx zilianza mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 kutumia uzani wa ujazo kwa vifurushi vyote vya barabarani, ilhali awali hesabu hiyo iligusa vile vikubwa pekee. Biashara ya mtandaoni ilikuwa imeongeza mno idadi ya katoni kubwa zenye vitu vidogo ndani.

Waagizaji wa bidhaa kutoka Guangzhou, Uchina, wanakijua kisa hiki kwa upande wa pili. Mzigo unaokuja Mombasa kwa meli hutozwa kwa mita za ujazo, ambapo mita moja ya ujazo huhesabiwa sawa na tani moja. Kwa ndege, kwa kigawanyo cha 5,000, mita hiyo hiyo moja huhesabiwa kuwa kilo 200. Ndiyo maana vifuniko vya simu huweza kuletwa kwa ndege na bado vikaleta faida, lakini wanasesere wa manyoya hufaa kusubiri meli.

Huduma za posta, kwa upande wake, zina utaratibu tofauti kidogo ambao mwuzaji mdogo anaweza kunufaika nao. Chini ya kanuni za Umoja wa Posta Duniani (UPU), ulioanzishwa mwaka wa 1874 na ambao Kenya ni mwanachama wake, kuna daraja la pakiti ndogo. Pakiti hiyo haipaswi kuzidi kilo mbili. Jumla ya urefu, upana na kimo chake haipaswi kupita sentimita 90, na hakuna upande unaoruhusiwa kuzidi sentimita 60.

Ndani ya mipaka hiyo, kinachopandisha ada ya pakiti ni uzani wake na nchi inakopelekwa. Ukivuka mpaka mmoja tu, bidhaa huingia daraja la vifurushi au la huduma ya haraka ya EMS, na ada hubadilika.

Kiondo kilichotajwa awali hakiwezi kupita katika daraja hilo kikiwa kwenye katoni yake, kwani pande zake tatu zina jumla ya sentimita 105. Lakini kiondo laini cha mkonge hukubali kukunjwa. Kikilazwa na kufungwa kwenye bahasha ngumu ya sentimita 40 kwa 35 kwa 8, jumla ya pande zake inakuwa sentimita 83, na mlango wa pakiti ndogo unafunguka. Hata kikipelekwa kwa kampuni ya ndege, uzani wake wa ujazo unashuka kutoka kilo tisa hadi kilo 2.5.

Picha za kuchorwa nazo hufuata mkondo huo. Picha iliyotiwa fremu, katika sanduku la sentimita 60 kwa 50 kwa 10, hutozwa kama kilo sita. Ikitolewa kwenye fremu na kuviringishwa ndani ya mrija wa sentimita 60 wenye upana wa sentimita 10, huhesabiwa kuwa kilo 1.5. Mnunuzi anaweza kutafuta fremu huko kwao.

Kosa jingine la kawaida ni kutumia katoni yoyote iliyopatikana dukani. Leso mbili zilizotiwa ndani ya katoni ya viatu hulipiwa hewa iliyobaki humo. Zikifungwa vizuri katika mfuko mgumu wa plastiki usiopenya maji, nafasi hiyo yote huokolewa. Ikumbukwe kwamba upungufu mdogo wa sentimita huleta tofauti kubwa: katoni ya sentimita 35 kila upande huhesabiwa kilo tisa, lakini ile ya sentimita 30 huhesabiwa kilo 5.5.

Kwa bidhaa nzito, tahadhari ni ya aina nyingine. Kinyago cha kilo 1.95 kinaonekana kutosha katika pakiti ndogo, lakini kikishazungushiwa magazeti na kutiwa kwenye katoni ya gramu 150, kinavuka kilo mbili. Mizani inapaswa kutumiwa baada ya kifurushi kufungwa, pamoja na utepe wa gundi na karatasi ya anwani.

Hata hivyo, si busara kupunguza vifaa vya kukinga bidhaa hadi zivunjike njiani. Jiwe la Tabaka huvunjika, na kiondo chenye mdomo mgumu au vishikio vya ngozi huenda kikaharibika kikikunjwa. Bidhaa iliyovunjika humgharimu mwuzaji nauli ya kwanza, bidhaa yenyewe na pengine nauli ya pili.

Aidha, kudanganya vipimo hakusaidii. Kampuni kubwa hupima upya vifurushi kwa mitambo katika vituo vyao, na tofauti ikipatikana, bili ya ziada humfuata mwenye akaunti baadaye. Kifurushi kilichotuna katikati hupimwa pale kilipotuna.

Mteja anayeagiza bidhaa kadhaa anaweza pia kuwa nafuu kwa pande zote. Vyondo vitano vikipachikwa kimoja ndani ya kingine katika katoni ile ile ya sentimita 35, ada hubakia ya kilo tisa mradi uzani halisi usizidi hapo. Kwa kiwango chetu cha mfano, kila kiondo kitakuwa kimebeba Sh1,800 za usafiri badala ya Sh9,000.

Ushuru wa forodha katika nchi ya mteja ni gharama nyingine kando, nao haufuti lolote katika hesabu hii. Mwuzaji anahitaji kumfahamisha mteja mapema ni nani atakayeulipa.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa anayeuza mtandaoni, daftari hilo linafaa kuwa na safu nne kwa kila bidhaa: urefu, upana, kimo na uzani, vyote vikiwa vimepimwa bidhaa ikiwa imefungwa tayari kwa safari. Vipimo hivyo vikijulikana, bei ya usafiri huulizwa posta na kwa kampuni mbili au tatu, kisha hutangazwa pamoja na bei ya bidhaa kabla mteja hajatoa hata senti moja.